Odessa Asema Hapana

Siku roketi ilipogoma kupaa, nusu ya mji wa Cocoa, jirani na kituo cha kurushia roketi, ilihamia kwenye duka la mikate la Wapuerto Riko, kutafuta kahawa na mtu wa kumlaumu. Odessa Gadsden alikuwa katikati ya foleni, amevaa jinzi na blauzi ya njano, kitambulisho cha kazi amekigeuza kifuani ili kisisomeke.

Mtu wa kulaumiwa alikuwa yeye.

"Eti kuna takataka itapita angani," alisema jamaa mmoja aliyebabuka kwa jua. "Takataka! Mbingu yote ile ilivyo kubwa, wagongane na nini?"

"Kuna mtu kakaa kwenye kiyoyozi na kompyuta yake," mkewe akadakia. "Hajui kama sisi tumeendesha gari kutoka Georgia!"

Odessa akazikodolea macho sambusa za mapera kwenye kabati la kioo kana kwamba anazihesabu. Kazi yake ndiyo hiyo. Kabla chombo cha kampuni yao hakijaruka, na kabla hakijarudi, yeye hupiga hesabu ya njia yake na njia za vitu vinavyoizunguka dunia: setilaiti, vyuma vilivyokufa, vituo vyenye watu. Dakika ambazo vingekaribiana anazifunga. Dakika ikifungwa, hakuna kuruka, hata rais awe amealikwa. Asubuhi ile alikuwa amezifunga zote.

"Mimi naona huyo mtu anunuliwe kahawa," ilisema sauti nyuma yake.

Foleni nzima ikageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe la kitani, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, masharubu yamechongwa kwa uangalifu wa mtu anayejipenda kidogo.

"Jina langu Anselmo Villafañe. Naendesha lile daraja la kuinuka, pale mfereji wa Merritt. Nikilinyanyua mashua ipite, wenye magari wananitukana mimi, wanamtukana mama yangu, wanamfuata bibi yangu kaburini. Lakini hakuna gari hata moja lililotumbukia. Anayekusimamisha si lazima awe adui yako, bwana."

"Wewe na daraja lako," jamaa wa Georgia akanung'unika.

Miaka sita ya kazi, na hakuna aliyewahi kumtetea, hata mama yake mzazi. Akakigeuza kitambulisho kikatazama mbele.

"Ya kwangu iwe na maziwa," alisema.

Ndivyo yalivyoanza. Baada ya hapo simu hazikupoa.

"Haloo, trafiki wa mbinguni. Umeamkaje?"

"Salama, Bwana Daraja. Umeshainuka?"

"Nimeinuka zamani. Leo unampitisha nani?"

"Simpitishi mtu kabla sijanywa chai."

"Na mimi je? Nataka nipite hapo kwako jioni."

"Wewe nimekufunga mpaka saa moja. Kaa foleni kama wenzako."

"Nikigonga je?"

"Ukigonga mlango nitafungua. Ukinigonga mimi utalipa."

Wakacheka, wakapendana, msimu wa vimbunga ukapita wakiwa pamoja. Kisha Anselmo akamwomba kitu kimoja: achukue likizo siku kampuni yake itakaporusha tena, waende ufukweni na familia, kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa kwa mama yake. Odessa akakubali. Hakujua kwamba mama huyo, Doña Milagros, alizaliwa mwezi mwingine kabisa.

Siku ikafika. Odessa alivaa gauni jekundu lililoacha mgongo wazi, nywele za rasta ameziachia mabegani. Anselmo alikuwa na suruali nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, na jasho lisiloelezeka, maana upepo ulikuwa wa baridi. Doña Milagros alileta sufuria la wali wa mbaazi lililohitaji watu wawili kulibeba. Wajomba watatu walikuja na matari. Watu walijaa ufukweni, redio zote zinahesabu kurudi nyuma.

Zikiwa zimebaki dakika chache, simu ya Odessa ikatetemeka. Akachomeka kisikilizio sikioni chini ya nywele, akajitenga hatua kadhaa, uso baharini. Alikuwa Rosalind, mwenzake aliyeshika zamu.

"Dada Odessa, kile kituo cha angani chenye watu saba kimesogezwa alfajiri kukwepa chuma. Namba mpya zimeingia sasa hivi. Tukiruka kwa saa tuliyopanga tunapita karibu nacho, karibu mno. Nimemwambia bosi anasema turuke tu."

"Nipe huyo bosi."

Huku nyuma, Anselmo alikuwa amepiga goti kwenye mchanga. Alikuwa amepanga aseme neno la mwisho roketi ikiwaka nyuma ya mpenzi wake. Hofu ilimfanya afumbe macho, na kwa kuwa alikuwa amefumba, akaanza. Alisema alivyompenda tangu kwenye foleni ya mikate. Alisema atamlinda. Upepo ulikuwa unatoka baharini na Odessa hakusikia hata herufi, alichosikia ni bosi wake Cutshaw akibembeleza sikioni, "Odessa, mama, uwezekano ni mdogo kama punje. Wateja wote wako hapa."

"...Utakubali kuwa wangu?" alimalizia Anselmo, kwa sauti ya kusikika na ukoo wote.

"Hapana!" alisema Odessa.

Tari moja likaanguka.

"Nimesema hapana, na usinibembeleze! Hata ukiuliza mara kumi jibu ni lile lile. Unataka kuua watu? Katafute nafasi nyingine!"

Redio zikanyamaza kuhesabu. Ufukwe mzima ukaguna: roketi imesimamishwa. Odessa akashusha pumzi, akageuka, akawakuta watu zaidi ya kumi wakimtazama kama aliyechinja paka. Katikati yao Anselmo, goti chini, kiboksi mkononi, macho sasa yamefumbuka.

Hapo ndipo alipoelewa walichosikia. Na sikioni Cutshaw bado anafoka, na Rosalind peke yake hatamweza. Akiondoka hewani sasa, wataruka. Akafanya jambo pekee aliloweza: akamwinulia Anselmo kidole. Subiri.

Anselmo akasimama. Akajikung'uta mchanga kwa utaratibu, goti moja, kisha, sijui kwa nini, na la pili ambalo halikuchafuka. Akaondoka.

Mpaka Cutshaw aliponywea na kukubali kusubiri nafasi iliyo salama, Anselmo hakuonekana, na simu yake ilikuwa imezimwa. Doña Milagros alikuwa anafunika sufuria.

"Mwanangu," alisema kwa upole uliouma kuliko tusi, "kama humtaki, si ungesema kabla sijapika?"

"Mama, nilikuwa kwenye simu!" Odessa akakitoa kisikilizio, akakishika juu kama ushahidi mahakamani. "Yuko wapi?"

Doña Milagros akakitazama kile kidude, akamtazama binti, akajipiga kofi la paja. "Kaenda darajani kumpokea mwenzake zamu. Akiumia moyo huwa anafanya kazi. Kimbia!"

Odessa aliendesha miguu mitupu, viatu kiti cha nyuma. Akafika mferejini akakuta daraja limeinuka, limesimama wima kama mlango wa mbinguni uliofungwa, na magari yamejipanga. Akaliacha gari katikati ya foleni, akakimbia hadi kwenye kizuizi chini ya kibanda cha Anselmo.

"Anselmo! Shuka!"

Dirisha likafunguka. "Rudi kwenye gari lako, bibie. Ni hatari hapo."

"Bibie? Mimi leo ni bibie?"

"Umenikatalia mbele ya mama yangu. Unataka nikuite nani?"

"Sikuwa naongea na wewe! Shusha hilo daraja uje tuongee!"

"Ee, lishushe!" akadakia dereva wa lori la barafu. "Lishushe umsikilize mtoto wa watu!"

Magari yakaanza kupiga honi. Mwanamke mmoja akatoa kichwa dirishani akamwambia Anselmo ana roho ya jiwe.

"Hapana!" Anselmo akanguruma. "Halishuki! Kuna mashua chini, mlingoti wake haujapita! Hata mkinililia, nimesema hapana!"

Odessa akaanza kucheka. Alicheka akainama, akashika kizuizi asianguke. Anselmo alimtazama, mdomo bado wazi, na polepole uso wake ukabadilika.

"Ulikuwa kazini," alisema.

"Watu saba, Anselmo. Bosi alitaka kuruka. Nilikuwa naye sikioni."

"Na mimi nilikuwa nimefumba macho." Akajishika masharubu. "Mungu wangu. Sikukuona usoni hata mara moja."

"Sasa nione. Niulize tena."

Anselmo akatoweka dirishani.

"Umeenda wapi?"

"Nimepiga goti!" ilisema sauti kutoka ndani.

"Sikuoni!"

"Nikipiga goti sionekani, dirisha liko juu! Odessa Gadsden, utakubali..."

Hapo hapo mbingu ikanguruma. Roketi ilikuwa imepata nafasi yake, iko juu ya miti, inang'aa, inapanda peke yake katika njia iliyo wazi, na mlio wake ukawafikia darajani ukameza maneno yote. Odessa alipiga kelele "Ndiyo!" ambayo hata yeye hakuisikia. Kichwa cha Anselmo kikachomoza dirishani, mkono sikioni. Odessa akaitikia kwa kichwa, kisha kwa mabega, kisha kwa mwili mzima akirukaruka, gauni jekundu linapepea, mpaka mlio ulipokwisha na sauti yake ikabaki uchi hewani:

"...ndiyo, ndiyo, nimesema ndiyo!"

Foleni ikashangilia. Chini, mashua ikapita salama, nahodha wake mzee akivua kofia. Ni dereva wa barafu tu ambaye subira ilikuwa imemwishia. Mzigo wake ulikuwa unadondoka maji.

"Haya, fungeni basi!" alipaza sauti. "Ndoa au daraja, fungeni kimoja, barafu inayeyuka!"