Mama Pacha na Watu Watano wa Ng'ambo

Siku ya Alhamisi, tarehe 12 Oktoba, mwaka 2023, Mama Pacha aliamka na furaha. Alipiga pasi sare za shule za mabinti wake wawili pacha. Aliwasuka nywele, akawafunga viatu, akawasukuma mlangoni wasichelewe. Mume wake alikuwa seremala. Asubuhi hiyo alikuwa uani, akipiga randa ubao. Mama Pacha alimpelekea chai, akamwambia kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya mafunzo. Huenda barua ikatoka leo leo.

Barua aliyoitarajia ilikuwa ya kupandishwa cheo. Kwa miaka kumi na moja alikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ya bima. Mfanyakazi akisahau nywila, alimwita yeye. Printa ikimeza karatasi, aliitwa yeye. Kisha, wiki sita zilizopita, mkuu wake alimpa kazi mpya. Alitakiwa kuwafundisha watu watano walioko ng'ambo, kwa njia ya kompyuta. Mkuu alimwambia awafundishe kila kitu, asibakize hata punje.

Mama Pacha aliamini kwamba hao watano watakuwa wasaidizi wake. Nyumbani waliamini hivyo pia. Mdogo wa mume wake, mwenye duka la rangi na misumari, alikuwa ameshaanza kumpigia saluti kwa mzaha kila alipopita.

Saa nne asubuhi somo la mwisho lilianza. Nyuso tano zilitokea kwenye kioo cha kompyuta. Mmoja wao alikuwa kijana mpole aliyeandika kila neno daftarini. Siku hiyo aliinua mkono.

"Mwalimu, ukishaondoka, tukikwama tumpigie nani?"

"Nikishaondoka kwenda wapi?" Mama Pacha aliuliza.

Mmoja wa wale watano alizima kamera yake. Yule mpole aliinamisha kichwa.

"Samahani sana, mwalimu. Tulidhani umeambiwa."

Mama Pacha hakumbuki alivyolifunga somo. Mchana mkuu wake alimwita, akamkabidhi bahasha huku akitazama dirishani. Kazi ya kompyuta imehamishiwa kampuni ya ng'ambo. Ajira yake itakoma mwisho wa mwezi. Mkuu aliongeza kwamba wale watano wamemsifu sana kwa ufundishaji wake. Sifa hizo zilimchoma kuliko barua yenyewe.

Jioni aliingia ndani na kukaa bila kuvua viatu. Mume wake alimwona akaweka nyundo chini.

"Mama Pacha, nani amefariki?"

"Kazi yangu," alijibu. "Na kaburi nimelichimba mwenyewe."

Alimsimulia yote. Mume alikumbuka kwamba naye alikuwa ameshawatangazia wateja wake kuhusu kile cheo. Kwa aibu waliyoiona, waliamua kutomwambia mtu. Majirani wakiuliza, jibu litakuwa kwamba Mama Pacha yuko likizo. Hilo lilikuwa kosa lao la kwanza.

Tangu ajira ikome, wiki kumi zilipita. Mama Pacha alishinda ndani, mapazia yamefungwa. Aliandika barua moja ya kuomba kazi, akaituma vilevile sehemu arobaini na tatu. Hakuna aliyejibu. Alianza kuamini kwamba ufundi wake umekwisha thamani, kama sarafu iliyoondolewa sokoni.

Shemeji yake ndiye pekee aliyeambiwa ukweli. Alikuja na habari yake: muuzaji wake wa dukani ameacha kazi, naye anataka Mama Pacha achukue nafasi hiyo, amjibu ifikapo Jumamosi.

"Kompyuta zimeshakutupa, shemeji," alisema. "Njoo uuze misumari. Misumari haihamii ng'ambo."

Mume alicheka kidogo. Mama Pacha hakucheka. Kuuza misumari ni kazi halali, alilijua hilo. Lakini akiingia dukani, atakaa humo miaka yote, na ufundi alioupenda tangu ujana utakufa mikononi mwake. Siku zilizobaki zilikuwa tano.

Siku iliyofuata, jirani mmoja alikuja kuchukua kiti chake kilichokuwa kikitengenezwa. Mtaani walimwita Bibi Karani. Kabla ya kustaafu alifanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda kikubwa. Kazi yake ilikuwa kufungua na kusoma barua za waombaji kazi. Aliwakuta pacha uani, akawauliza mama yao yuko wapi.

"Yuko likizo," alijibu mmoja. "Tangu mwaka jana."

"Likizo gani hiyo isiyojua kwao?" aliuliza Bibi Karani, akaenda kugonga mlango mwenyewe.

Mama Pacha alimwamkia, akamkaribisha. Alijaribu kudanganya, lakini machozi yalimtangulia. Alipomaliza kusimulia, simu yake iliita. Alikuwa mtu aliyempigia jana pia, akimpongeza kwamba amepata kazi nzuri katika kampuni kubwa. Alitaka tu atumiwe ada ya usajili leo. Mama Pacha alikuwa tayari kuituma.

Bibi Karani aliichukua simu, akaikata.

"Mwanangu, nimeajiri watu miaka thelathini. Sijawahi kumtoza mtu hata senti ili nimpe kazi. Anayeomba ada ni mwizi. Ulimwona wapi? Alikuhoji lini?"

Mama Pacha hakuwa amehojiwa na mtu yeyote. Kiu ya kazi ilimfumba macho.

Bibi Karani aliomba kuiona ile barua ya kuomba kazi. Aliisoma, akaisoma tena, kisha akavua miwani.

"Wewe nakufahamu miaka minane. Lakini huyu wa kwenye barua simfahamu kabisa. 'Mratibu wa BM-7, Daraja la Pili.' BM-7 ni nini? Dawa ya mende?"

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki kumi, Mama Pacha alicheka. Alieleza kwamba BM-7 ni mtambo wa kutunza kumbukumbu za wateja. Jina hilo lilitumika katika kampuni yao tu.

"Sasa mtu wa nje atalijua vipi? Nilipokuwa ofisini, barua nisiyoielewa niliiweka pembeni. Sikuwa na muda wa kuagua. Niambie, Jumatatu asubuhi ukifika kazini, ulifanya nini?"

Mama Pacha alianza kutaja, na Bibi Karani akaandika kwa maneno ya kawaida. Aliwasaidia wafanyakazi mia mbili kompyuta zao zilipokwama. Alitunza kumbukumbu zisipotee. Alifunga kompyuta mpya.

"Na zile wiki sita?" aliuliza Bibi Karani.

"Hizo siwezi kuziandika, Bibi. Ndizo zilizonimaliza."

"Uliwafundisha watu watano kazi ya miaka kumi na moja, kwa wiki sita, bila kuwagusa mkono. Je, waliiweza?"

"Waliiweza. Ndiyo maana mimi niko hapa."

"Basi hiyo ndiyo ya kuandika juu kabisa."

Mama Pacha alichukua kalamu, akaandika mwenyewe. Jambo alilolionea aibu kuliko yote ndilo mzee huyu aliloliona kuwa dhahabu.

Bibi Karani hakuishia hapo. Alimwagiza arudi katika kampuni ya bima, aombe barua inayothibitisha kazi aliyofanya na miaka aliyofanya. Alimwonya asitoe siri za kampuni wala majina ya wateja wake. Alimshauri atafute mahali ambapo watu na mashine wako pamoja: shule, hospitali, ofisi za maji. Waya uliokatika chini ya meza hauungwi kutoka ng'ambo. Na kila sehemu apeleke barua yake mahususi, si moja kwa wote. Mwisho alimwambia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Kukosa kazi si wizi. Aseme.

Siku hiyohiyo seremala alifungua mdomo. Mteja wake wa kabati alikuwa muuguzi. Aliposikia, alishika kiuno kwa mshangao. Hospitalini kwao kompyuta mpya zimekaa miezi mitatu kwenye chumba cha mafaili. Wafanyakazi wanazikimbia, na sasa anatafutwa mtu wa kuwafundisha. Aliuliza kwa nini hawakusema mapema. Maombi yalikuwa yanafungwa kesho.

Mama Pacha aliwahi kampuni ya bima kabla haijafungwa, akakesha akiandika, na asubuhi barua mbili zilikuwa mkononi, yake na ile ya kampuni. Ijumaa aliitwa kwenye usaili.

Alijiandaa kuulizwa habari za nyaya na mitambo. Badala yake, aliletewa mama wa makamo, mtunza mafaili, aliyeingia amekunja mikono kifuani.

"Nilianza kutunza mafaili haya wewe hujui kushika penseli," alisema. "Kitu hicho kikinipotezea mgonjwa, nani atajibu?"

Mama Pacha hakuigusa kompyuta. Alimwuliza anatafutaje faili la mgonjwa. Yule mama alieleza kwamba hutazama jina, kisha mwaka wa kuzaliwa, kisha jina la mama, maana wanaofanana majina ni wengi.

"Basi unaijua kazi tayari, dada yangu," alisema Mama Pacha. "Kompyuta nayo inauliza hayohayo matatu. Kaa hapa uiandikie wewe."

Yule mama aliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Faili la majaribio lilitokea. Alishtuka, akarudisha kiti nyuma. Alijaribu jina lingine, nalo likatokea. Alijaribu la tatu bila kuambiwa. Kisha aliwageukia wasaili.

"Huyu anaanza lini?"

Alianza Jumatatu. Jumamosi alimshukuru shemeji yake kwa heshima, akamwomba atafute muuzaji mwingine. Miezi mitatu baadaye, wafanyakazi wote kumi na wawili wa chumba cha mafaili walikuwa wanatumia kompyuta. Mgonjwa aliyezoea kusubiri faili saa nzima sasa husubiri dakika chache. Wa kwanza kuwafundisha wengine alikuwa yule mtunza mafaili, kwa kidole chake kimoja.

Msomaji mpendwa, bila shaka unamfahamu mtu ambaye kazi yake imehamishwa au imekoma. Mpe hadithi hii aisome. Kama kusoma bado kunampa taabu, kaa naye umsomee taratibu. Akishaielewa, mwombe naye ampelekee mwingine.