Kinanda Kilichopelekwa Zagayu

Jumamosi sokoni Bariadi hakuna anayempisha mwenzake. Nyanjige alisukumwa na mama mwenye tenga la kuku, akaegemea meza ya vyombo vya umeme, na kiwiko chake kikatua juu ya kinanda. Kikapiga kelele, watu wakageuka.

"Umeshaanza mazoezi, dada?" akauliza muuzaji. Aliitwa Luhaga, kijana wa Mwanhuzi, shati lake la kitenge limepigwa pasi utadhani anakwenda kuoa. Kila Jumapili alipiga kinanda kanisani.

"Samahani kaka. Ila ndicho nilichokuwa natafuta. Nina laki mbili, na sijui chochote."

"Hiki chenye taa? Hiki cha watoto! Vitufe vyembamba, vidole vitagongana. Hebu bonyeza polepole. Haya, sasa kwa nguvu."

Sauti ikatoka ileile mara zote mbili.

"Umeona? Ukibembeleze, ukipige, kwake sawa. Hakikusikii."

"Basi kinanifaa," akasema Nyanjige. "Hata mimi niko hivyo."

Jamani, nani humwambia mtu asiyemjua maneno hayo katikati ya soko? Luhaga akamtazama vizuri: gauni jeusi, kilemba cheusi, macho makavu. Akavuta kinanda kingine kutoka chini ya meza, cha mtumba, hakina taa hata moja, vitufe sitini na moja vipana kama vya piano yenyewe. Ukikigusa taratibu kilinong'ona, ukikikandamiza kililia kwa nguvu. Bei yake laki tatu na nusu.

"Niwekee," akasema Nyanjige. "Nitajaribu."

Mama yake alifariki mwezi wa pili. Alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya kule kijijini kwao Zagayu, na Nyanjige hakudondosha chozi hata siku ya mazishi. Watu walimsema: moyo wa jiwe. Alirudi mjini kushona sare za shule, akala bila kujua ladha, akalala, akaamka. Kitu kimoja tu alikitaka: kwenye misa ya mwaka aupige wimbo wa mama kwa mikono yake.

Luhaga alimkatia kipande cha boksi, akachora vitufe kwa kalamu, ajifunzie hapo wakati akitafuta pesa iliyobaki. Nyanjige akawa anafanyia mazoezi juu ya meza ya cherehani, kimya kimya. Kila mchana simu ililia.

"Mwanafunzi wangu, mwadila, umeshindaje? Boksi linasemaje?"

"Halisemi kitu. Mwalimu wake tapeli."

"Mpenzi, usinivunjie heshima mbele ya wateja."

"Luhaga, ukiniita hivyo sisikii kitu. Sikudanganyi."

"Nitaita mpaka usikie."

Mwezi mzima ukapita hivyo. Kisha siku moja aliyepiga simu akawa baba yake Nyanjige, mzee Ngeleja, kutoka Zagayu.

"Ng'wana wane, mwanangu, kijana wako amefika na kinanda. Nimempokea vizuri. Nimemwambia, baba, kinanda hakitoi maziwa! Tumekaa ukoo, tumesema ng'ombe ishirini."

Nyanjige akampigia Luhaga papo hapo. "Umeniposa bila kuniuliza?"

"Nani kaposa? Nimepeleka zawadi! Ningekuletea chumbani na umevaa msiba, watu wangesemaje? Kwetu nyumbani, kitu kikubwa cha binti hupitia kwa baba yake."

"Na kwetu nyumbani, kijana akimpelekea baba kitu kikubwa, ameposa!"

"Mama yangu! Hata mzee aliposema ng'ombe, nilidhani ananitania."

"Mmeongea wote, Luhaga. Mimi tu sijaulizwa." Akakata simu, akaendelea kushona kola. Angekasirika ingekuwa nafuu. Hakusikia chochote, na kwa wiki tatu hakupokea simu yake.

Wiki ya nne akaenda Zagayu kuchukua kinanda akirudishe kwa Luhaga. Kinanda kilikuwa juu ya sanduku la mama, kimefunikwa kwa kitenge chake cha kwaya.

"Nimekinunulia betri," akasema mzee Ngeleja. "Sijakigusa. Si changu."

Nyanjige alivuta kitenge akitafuta kamba ya kukifungia kwenye bodaboda. Kidole kikagusa kitufe. Sauti ikatoka ndogo, kama mama akiimba peke yake jikoni. Akabonyeza kwa nguvu, kikalia. Akaketi, akaanza mstari wa kwanza aliojifunza kwenye boksi, akakosea, akarudia. Alilia, jamani, alilia mpaka kilemba kikaanguka, na baba yake akatoka nje kuhesabu mbuzi ambao hawakupotea.

Nyanjige akampigia Luhaga, akaiweka simu juu ya kinanda.

"Haloo? Nyanjige?"

Nyanjige akapiga ule mstari wote.

"Kidole cha tatu," akasema Luhaga. "Kinachelewa."

"Najua."

"Unalia?"

"Nalia. Na baba bado anataka ishirini."

"Nina wanne, na mmoja ni mgonjwa. Nitamwomba mzee..."

"Sijakuuliza ng'ombe. Niulize mimi, kabla ya baba."

"Nyanjige, mpenzi, utakubali nikuoe?"

"Sijui kama hii ndiyo furaha, Luhaga. Bado nina ganzi mwili mzima." Akafuta uso kwa kitenge cha mama. "Lakini hilo neno mpenzi, leo nimelisikia. Njoo unirekebishe kidole."