Akiba ya Mshono

Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani moja, meza ya kukatia nguo na kioo kirefu. Hapo ndipo mama wa nyumba alipofanyia kazi, na wateja walimwita Fundi. Mumewe alikuwa mpaka rangi. Mtaa mzima ulimwita Brashi.

Brashi mwenyewe ndiye aliyekipaka chumba hicho rangi nyeupe. Lakini ukiinua macho, uliona jambo la ajabu. Rangi mpya ilikoma pale mkono wa mtu mrefu unapofika. Juu yake, hadi darini, ukuta ulibaki na kijani cha zamani kilichopauka.

"Brashi, rangi ilikuishia?" wateja walimtania.

"Huo ni mtindo mpya. Nyinyi mmechelewa tu," alijibu.

Ukweli ulikuwa mwingine. Ili kufika kule juu, alipaswa kupanda ngazi, na ngazi ilikuwa imemshinda. Magoti yalimuuma, na pumzi ilimwishia katikati.

Jioni moja alirudi nyumbani mapema, akaketi bila kuvua viatu.

"Kulikoni, mume wangu?" Fundi aliuliza.

"Msimamizi ameniteremsha. Anasema ngazi inalia nikiipanda, naye hana nguvu za kuniokota sakafuni. Nimepewa kazi ya kuchanganya rangi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka niwe mwepesi. Akipata mwingine wa kupaka juu kabla ya hapo, basi, nafasi yangu imekwenda. Hebu fikiria, mimi! Nakoroga ndoo kama mpika uji."

Fundi alielewa uzito wa jambo hilo. Mumewe alisifika kwa kitu kimoja: mstari wa pale ukuta unapokutana na dari. Aliuchora kwa mkono mtupu, nao ulinyooka kama uzi uliovutwa.

"Halafu suruali hii nayo inanibana," Brashi aliendelea. "Nipanulie kidogo kiunoni."

Fundi aliipokea, akaigeuza ndani nje. Kila fundi mzuri huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ili nguo iweze kupanuliwa baadaye. Hiyo ndiyo akiba. Katika suruali ile, akiba ilikuwa imekwisha.

"Haipanuki tena," alisema polepole. "Nimeshaipanua mara nyingi."

"Lini? Mbona sikukuomba?"

"Hukuniomba. Nilikuwa nikiona inakaribia kukubana, naifumua, naongeza kidogo, kisha napiga pasi mpaka alama ya mshono wa zamani inapotea. Suruali zako zote nimezifanya hivyo. Sikutaka ujisikie vibaya."

Brashi aliitazama suruali, kisha akamtazama mkewe. "Kumbe! Nami najisifu kwa watu kwamba kiuno changu ni kilekile tangu tulipooana!"

Alicheka, na Fundi naye akacheka. Lakini kicheko kilipokwisha, wote wawili waliitazama ile suruali tena.

"Sawa," Brashi alisema. "Kuanzia kesho sili."

Alitimiza ahadi kwa namna yake. Mchana hakula kitu, alikunywa chai tu. Jioni alikula wali uliomtosha yeye na mgeni ambaye hakuja. Baada ya siku chache, akiwa anakoroga rangi, kichwa kilimzunguka. Alikaa juu ya ndoo hadi msimamizi alipomrudisha nyumbani.

Huko Brashi alimkuta jirani yao, muuguzi wa zahanati, amekuja kuchukua sare yake.

"Shemeji, mbona umepauka hivyo? Leo umekula nini?"

"Chai."

"Ina sukari?"

"Vijiko vinne. Si ndiyo nguvu yenyewe?"

Muuguzi alimkalisha kitini. "Shemeji, wewe ni mtu wa kuta. Hivi ukuta unaupaka mkono mmoja mzito, ukamaliza?"

"Thubutu! Rangi itachuruzika. Unapaka mkono mwembamba, unaacha ukauke, ndipo unarudia."

"Basi na mwili ni hivyohivyo. Unene haukukujia kwa siku moja, na hautaondoka kwa siku moja. Ukijinyima mchana kutwa, jioni njaa itakuchagulia chakula, na njaa haina kiasi. Njoo zahanati kwanza tukupime shinikizo la damu na sukari. Kisha tutazungumza habari za sahani."

Walikwenda wote wawili. Sukari haikuwa na tatizo, ila shinikizo la damu lilikuwa limepanda kidogo. Muuguzi aliwaeleza bila kuwatisha. Nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe wali, viazi au mkate. Robo iliyobaki iwe maharage, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Sukari ya chai ipungue kidogo kidogo, na maji yachukue nafasi ya soda.

"Robo ya wali?" Brashi alishtuka. "Shemeji, hicho si chakula, hiyo ni salamu!"

"Salamu hiyo ina maharage ubavuni na rundo la mboga. Utashiba. Na wewe dada, mafuta unayapimaje?"

"Kwa macho," Fundi alijibu.

"Kitambaa nacho unakikata kwa macho?"

Fundi aliinamisha kichwa akitabasamu. Tangu siku hiyo mafuta yalipimwa kwa kijiko.

"Kuna dawa ya kukata tumbo inauzwa pale kona," Brashi alisema.

"Iache palepale kona. Hujui imetiwa nini. Wewe tembea. Tembeeni pamoja, maana na huyu anashinda kitini. Anzeni mahali pa tambarare, kwa sababu ya magoti. Mwendo mzuri ni ule ambao mnaweza kuzungumza, lakini kuimba hamwezi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni, kazi ilipokwisha, walitoka. Mwanzoni Brashi hakuweza hata kuzungumza.

"Leo nimepata amani," Fundi alimchokoza. "Nasema peke yangu na hakuna wa kunibishia."

"Ngoja... pumzi... irudi," alijibu, "utanitambua."

Ilirudi. Safari ikawa ndefu, na ubishi nao ukarefuka. Kulikuwa na majuma ambayo kiuno hakikupungua hata kidogo. Brashi alinuna na kutaka kurudia kujinyima. Fundi alimwekea sahani yake mbele. "Mkono wa kwanza bado unakauka. Kula." Akala.

Miezi ilipita. Magoti yalitulia, na shinikizo la damu lilishuka. Asubuhi moja msimamizi aliishika ngazi kwa mikono miwili, akasema, "Haya, panda tuone."

Brashi alipanda. Ngazi haikulia. Alichovya brashi, akavuta mstari wa kwanza kutoka pembe hadi pembe.

"Ndoo itafutieni mkorogaji mwingine," msimamizi aliwaambia wenzake.

Siku ya mapumziko, Brashi alileta ngazi na rangi nyeupe katika chumba cha cherehani. Kijani cha zamani kilianza kutoweka, kipande baada ya kipande. Mara akaita kutoka juu, brashi mkono mmoja, mkono wa pili kiunoni.

"Mke wangu! Suruali inanivuka!"

"Shuka niipunguze."

"Nikishuka sasa mstari utaacha alama. Nisaidie hukuhuku."

Fundi alipanda juu ya kigoda akiwa na pini mdomoni. Alikunja kitambaa kilichozidi, akakibana pini moja baada ya nyingine.

"Kimezidi kiasi gani?" Brashi aliuliza bila kugeuka.

"Kingi," alisema Fundi. "Na safari hii nakwambia."

Brashi aliachia kiuno cha suruali, akashika ukingo wa ngazi, na kuumalizia mstari.