Hatua Nne Kushoto kwa Nguzo

SAA 4:10 ASUBUHI

Picha ilikuwa mezani. Bastola ya Mwalimu iliwekwa juu yake ili isijikunje.

Wanaume watatu na mwanamke mmoja walikuwa wamebanana kwenye chumba cha nyuma cha studio, kile cha kusafishia picha. Taa nyekundu. Dawa kali kwenye mabeseni, inachoma macho. Mlangoni mwa studio kulikuwa na karatasi: TUMEFUNGA KWA SHUGHULI ZA KIFAMILIA.

Mwalimu hakuwahi kufundisha shule yoyote. Aliitwa hivyo kwa sababu alimrudishia mtu jambo mpaka akalikariri, na aliyekosea alikiona cha moto.

"Fundi. Hii ni nini?"

"Kituo cha zamani cha mabasi. Ukumbi wa abiria."

"Siku hizi?"

"Siku hizi ni korido. Upande yalikokuwa yakiingia mabasi wameujenga. Mlango mmoja tu, wa chuma."

"Na hiki?"

Fundi aliinama. Pua ya basi la bodi ya mbao. Mchukuzi na mkokoteni wake. Wanaume kumi na kitu kwenye foleni, mashati yamefungwa hadi kooni, wamemkodolea macho mpigapicha. Mbele ya foleni, dirisha la tiketi.

"Dirisha. Hatua nne kushoto kwa nguzo. Walilifunga kwa tofali za matundu, nyembamba. Kwingine kote ni mawe, unene wa mkono mzima. Ukipita pale unatokea stoo ya sonara."

"Dakika ngapi?"

"Kumi. Kumi na mbili nikiwa mvivu."

Chuma alicheka. Chuma alikuwa mikono ya Mwalimu, akili hakuombwa. "Wewe siku zote mvivu."

Kampuni iliyokuwa ikikigeuza kituo kuwa jengo la maduka ndiyo iliyomletea mwanamke huyu kazi. Walimpa masanduku mawili ya vioo vya negativu za picha za kale, mji wa baiskeli na mikokoteni na mabasi ya mbao, achape picha kubwa za kubandika kwenye uzio wa mabati. Wapita njia wajionee mji wao ulivyokuwa, wasione unavyobomolewa. Katika kioo kimojawapo aliliona dirisha. Akamwita Mwalimu yeye mwenyewe.

Genge zima lilimwita Shemeji. Kwa kweli alikuwa shemeji wa mmoja tu. Mumewe alikuwa Dereva wao, na Dereva alikuwa kaka wa Fundi, tumbo moja.

Miezi minane nyuma, risasi ya polisi ilimpata Dereva pajani. Mwalimu alikuwa na sheria moja: majeruhi husema. Kwenye kiti cha nyuma cha gari, Chuma alivua jaketi lake, akalikunja, akambana nalo Dereva usoni. Kabla ya hapo Dereva alipata nafasi ya kumtazama mdogo wake na kusema, "Sema nao." Fundi alitazama dirishani. Hakusema neno. Nyumbani walimwambia Shemeji kwamba damu ilimwishia njiani, na Fundi aliapa kwamba alimpakata kaka yake hadi mwisho. Tangu hapo alijichukia. Alikuwa akipita studio kila wiki, anakaa kwenye benchi la wateja, anakunywa maji, anaondoka.

"Kufuli," Mwalimu alisema.

"Mkishaingia nafunga kwa nje," Shemeji alijibu. "Mlinzi akipita anaikuta kama alivyoiacha. Nazunguka na gari uchochoroni, nyuma ya sonara. Mnatokea huko."

"Mimi sipendi kufungiwa kama kuku," alisema Chuma.

"Basi baki hapa unioshee mabeseni."

Hata Mwalimu alitabasamu. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama shemeji yake mikono, namna ilivyotulia.

SAA 6:30 MCHANA

Waliingia na kofia ngumu na viatu vilivyoganda saruji, Fundi akisukuma toroli. Nani humtazama mtu mwenye toroli? Ghorofani mafundi halali walikuwa wakibomoa, nyundo ishirini kwa pamoja, jengo zima linatetemeka. Sonara hufunga saa sita na nusu kwenda kula. Nyundo za juu hunyamaza saa saba kamili, watu wakale. Nusu saa ya kelele ya bure.

Mlango wa chuma ulifungwa nyuma yao. Kufuli ikalia.

Korido ilikuwa imepigwa lipu mpya toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna alama. Nguzo tu, katikati. Fundi alihesabu hatua nne kushoto. Aligonga kwa kishikio cha nyundo.

Ukuta ulijibu kizito.

"Hapa pana mawe, Mwalimu. Ngoja nijaribu na kule..."

"Picha inasema wapi?"

"Kushoto."

"Basi?"

Fundi aliinua nyundo.

SAA 6:44

Lipu ilianguka vipande vipande. Nyuma yake, jiwe. Alisogea shibri moja, akapiga. Jiwe. Jasho lilimwingia machoni. Tindo ya kwanza ilikatika ncha.

"Ulisema kumi," alisema Mwalimu polepole. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Nipe picha. Nipime tena."

Mwalimu alimpa, akamwashia tochi.

Fundi alitazama dirisha, kisha nguzo. Sawasawa. Akatazama foleni. Mwanamume wa kwanza, shati lake limefungwa kike, upande wa kulia juu ya wa kushoto. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Foleni nzima ya wanaume wazima, vifungo vya kike. Akatazama pua ya basi, alikokaa dereva. Usukani haukuwa upande wake. Kaka yake alikuwa dereva. Mambo ya usukani aliyajua tangu mtoto.

Na hapakuwa na herufi hata moja. Ubavu wa basi ulikatwa pale jina la kampuni linapoanza. Picha ilikatwa chini kidogo ya kibao cha dirisha. Mwenye mkasi alijua anachokata.

Kioo kilikuwa kimegeuzwa kabla ya kuchapwa. Kushoto kumekuwa kulia. Tofali za matundu zilikuwa hatua nne upande wa pili wa nguzo, zinamsubiri.

Halafu akakumbuka kabla ya mazishi, Shemeji amesimama na kamera juu ya maiti ya mumewe. Ndugu walinong'ona kwamba huzuni imempanda kichwani. Fundi naye aliamini hivyo. Sasa alimwona akiwa peke yake chini ya ile taa nyekundu, anaikuza picha ya uso, anaitazama midomo iliyochanika na michubuko puani, usoni mwa mtu aliyepigwa risasi ya paja.

"Umeona nini?" aliuliza Mwalimu.

Aseme? Dakika kumi na tano zilibaki. Zingetosha. Wangepita, wangetokea uchochoroni, na Mwalimu angempa Chuma ishara. Shemeji asingefika jioni. Asiposema, kuna mlango mmoja wa chuma na ufunguo uko mkononi mwa Shemeji.

Fundi aliogopa. Kisha woga ukapungua kidogo, na mahali pake pakaja kitu kama ahueni. Angalau mara hii angekuwa upande wa kaka yake na mkewe.

"Nimekosea hatua," alisema. "Ni hapahapa. Shibri moja tena."

Akaendelea kupiga jiwe.

SAA 6:58

Mwalimu alipiga simu. "Shemeji, uko wapi?"

"Uchochoroni. Injini inaunguruma. Mnakawia."

Sauti ilikuwa ile ile ya kuwaambia wateja wainue kidevu.

SAA 7:00

Nyundo za ghorofani zilinyamaza. Zote kwa pamoja. Pigo la mwisho la Fundi lilibaki peke yake, likavuma korido nzima.

"Acha!"

Wakasikiliza. Viatu vya watu wanaoshuka ngazi. Mtu anapiga mluzi. Juu ya vichwa vyao, sauti: "Nani bado anafanya kazi kule chini?"

Mwalimu aliiokota picha sakafuni, akaitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa kuvaa shati lililopigwa pasi vizuri. Mkono wake ulienda wenyewe kwenye vifungo vyake, ukasimama hapo.

"Imegeuzwa," alisema. Hakupaza sauti. "Fundi. Uliitazama dakika nzima na tochi."

"Sikuona."

"Ulisogea shibri moja. Mara mbili."

"Mwalimu, wallahi sikuo..."

Risasi ilimwingia tumboni. Alikaa chini, mgongo kwenye mawe aliyoshindwa kuyavunja. Hakuamini jinsi alivyohisi baridi mchana ule.

"Chuma. Jaketi."

Chuma hakuvua jaketi. Alimtazama Fundi, akautazama mlango wa chuma, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ujambazi alifikiri mwenyewe. Alinyakua nyundo, akakimbilia upande wa kulia wa nguzo. Moja. Mbili. Mara ya tatu ukuta uliingia ndani kama biskuti, na mwanga wa taa za sonara ukamwagika koridoni.

"Chuma! Nimesema jaketi!"

"Malizana naye mwenyewe!"

Alijitumbukiza kichwa, kisha bega moja. Bega la pili lilikataa. Alikuwa bado anarusha miguu wakati kufuli ilipolia.

Askari sita. Mwalimu aliiweka bastola chini taratibu, akapiga magoti, mikono kichwani, bila kuambiwa. Aliyajua masomo yote. Wawili walimshika Chuma vifundo vya miguu, wakamvuta kama gunia. Uso wake ulitoka umechanwa na tofali, anatukana, analia.

Shemeji aliingia nyuma yao. Alimpita Fundi pale chini bila haraka, kisha akarudi hatua mbili, akachuchumaa mbele yake. Damu ilikuwa imefika kwenye viatu vyake. Hakuvisogeza.

"Shemeji," alisema Fundi. Kila neno lilimgharimu. "Niliona. Mapema. Vifungo, usukani, vyote. Ningesema tungepita. Nilinyamaza, shemeji. Kwa ajili yako."

Alisubiri. Hakutaka kingine duniani ila neno moja tu kutoka kwake.

"Ulikuwa naye garini," alisema Shemeji. "Na siku ile pia ulinyamaza."

Akainuka, akampa inspekta ufunguo, akatoka kwenda kuliondoa gari uchochoroni kabla malori ya saruji hayajaziba njia.