Chumvi ya Sekela Haigeuki Buluu

"Baba yako anatuuzia chumvi mbovu!" alisema Sekela.

"Si mbovu! Mwongo wewe!" alijibu Anyosisye. Baba yake ndiye mwenye duka.

Ugomvi ulianza hivi. Siku hiyo kila mtoto alileta shuleni chumvi kidogo ya nyumbani. Mwalimu Tusekile alikuwa na kichupa cha dawa ya kupimia chumvi.

Tone likadondoka, to!
Chumvi ya Anyosisye ikawa buluu.

Tone likadondoka, to!
Chumvi ya Sekela ikabaki nyeupe, pe!

"Buluu maana yake kuna madini joto," alisema Mwalimu. "Hatuyaoni, lakini mwili unayataka. Yanasaidia ubongo kukua. Yanazuia shingo kuvimba. Hata mtoto aliye tumboni anayahitaji."

Sekela akainua mkono. Mama yake alikuwa na mtoto tumboni.

"Mwalimu, sisi sote tunanunua duka moja," alisema. "Mbona yangu imekataa?"

"Usimlaumu mtu bado. Nenda katazame chumvi yenu inakaa wapi. Moto na unyevu hufukuza madini joto."

Sekela akakimbia nyumbani. Mvua ya Tukuyu ilinyesha, cha-cha-cha!

Jikoni moto uliwaka. Kando ya mafiga palikuwa na bakuli. Ndani yake, chumvi. Bakuli liko wazi, halina hata kifuniko!

"Bibi, kwa nini chumvi inaota moto?"

"He! Mvua ya huku haikatiki, mjukuu wangu. Chumvi ikiloa inatoa machozi. Naikausha."

"Lakini Bibi, madini joto yanatoroka!"

"Yanatoroka? Yana miguu?"

"Hayana. Yanapotea hewani. Moto unayafukuza."

Bibi akacheka, akacheka, mpaka kitenge kikamfunguka.

"Kumbe nilikuwa naunguza dawa ya mjukuu wangu aliye tumboni!" alisema. "Haya, tufanyeje?"

Mama akaleta kopo lenye mfuniko. Akaleta na pakiti mpya, kutoka duka lile lile.

Sekela akamimina, sss! Akafunika, ka!

Wakaliweka kopo mbali na moto, mahali pakavu. Maharage yalipoiva kabisa, ndipo Mama akatia chumvi.

Kesho yake Sekela akapeleka chumvi shuleni.

Watoto wote wakasogea.

Tone likadondoka, to!

"Buluuu!" wakapiga kelele.

Sekela akaruka juu. "Mtoto wetu atapata! Mama atapata! Bibi naye!"

Watoto wengine wote walicheka. Anyosisye hakucheka. Alikunja mikono kifuani.

"Chumvi ya duka letu ni mbovu?" aliuliza.

"Hapana," alisema Sekela. "Ni nzuri. Sisi ndio tuliiweka vibaya."

"Basi twende dukani. Ukamwombe baba yangu radhi."

"Twende," alisema Sekela.