Kiumbe Asiye Kwenye Daftari

Hesabu ilizidi kwa mmoja.

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, ndugu hawa wawili waliita mahudhurio ya dimbwi. Nukta, mdogo mtu, alisoma majina kutoka kwenye daftari lake la michoro. Dada, mkubwa mtu, alitazama kioo cha kompyuta na kujibu wamebaki wangapi. Mchezo waliokuwa wakiutengeneza ulikuwa huo tu: dimbwi. Viumbe wanaanza kama matone, wanazaa, watoto wanatofautiana kidogo na wazazi wao, anayehimili njaa na baridi anaishi, asiyehimili anakwenda na maji. Usiku waliliacha lijiendeshe lenyewe, kizazi juu ya kizazi, na asubuhi wakaja kuona nani kaamka.

"Mikia-Miwili?"

"Arobaini na mmoja."

"Wazee wa Tope?"

"Kumi. Wanajikongoja."

"Bibi Kope?"

Dada hakugeuka kumtazama. "Sita."

"Sita! Si jana walikuwa mia tatu?"

"Ndiyo maisha, Nukta. Huu mchezo ni wa kuishi na kufa, si bustani ya maua."

Nukta alijumlisha kwa penseli. "Basi hamsini na saba."

"Hamsini na nane," alisema Dada, maana ndivyo kompyuta ilivyosema.

Walimkuta pembeni kabisa, kwenye kona ya kioo. Alikuwa na rangi ya masizi, hana macho, hana mkia, ameegemea upande wao kama mtu anavyoweka paji la uso kwenye dirisha la nyumba ya watu. Nukta alipekua daftari mbele, akalipekua nyuma. Kila jicho na kila mguu uliomo dimbwini ulitoka kwenye daftari lile. Kompyuta iliweza kuchanganya, kubuni haikuweza.

"Huyu sijamchora mimi," alisema taratibu.

"Ni hitilafu. Nitaitafuta."

Papo hapo Dada akasikia harufu ya sufuria tupu iliyosahauliwa motoni. Alikimbilia jikoni. Jiko lilikuwa limezimwa, sufuria zote zimening'inia mahali pake, kavu na baridi.

Tuseme ukweli sasa, kabla mambo hayajaharibika zaidi. Wiki mbili nyuma walikuwa wamewapa watu mia chache mchezo ule waujaribu, na barua zilimiminika. Karibu zote zilimhusu Bibi Kope, kiumbe mnene mwenye kope tatu na mwendo wa mama mkwe anayeingia sherehe asizozipenda. "Mchoraji ana mikono ya baraka." "Bibi Kope alipokufa nililia kazini." Dada ndiye aliyeandika njaa yenyewe, baridi, mvua na urithi wa mzazi kwa mtoto, miaka minne ya mgongo uliopinda. Barua iliyomgusa yeye ilikuwa moja: "Mchezo mzuri ila unachelewa kufunguka."

Roho ilimuuma hadi ikapata joto. Jioni ya kuamkia mahudhurio yale aliongeza mstari mmoja kwenye programu: chochote chenye kope tatu kipate njaa upesi kuliko wenzake. Alijiambia anasawazisha mchezo; watu wa kazi hii wana neno safi kwa kila uchafu. Kisha, kama wafanyavyo waandishi wote wa programu, akaacha maelezo mafupi pembeni ya mstari, yale ambayo kompyuta huyaruka bila kuyasoma. Aliandika: *Nukta asishibe.*

Kompyuta iliyaruka. Lakini si kila msomaji ni kompyuta.

Tangu asubuhi ile ya mahudhurio, Nukta alianza kula. Alimaliza mkate mzima akasimama kuangalia kama kuna mwingine. Alikula wali wa mchana, akala ukoko, akakwangua sufuria mpaka kijiko kikalia.

"Una mimba wewe?" Dada alitania.

"Ya nani, ya daftari? Nina njaa tu, Dada. Kama chakula kinapita kwangu kinakwenda kwa mwingine."

Kila alivyokula, ndivyo mifupa ya shingo ilivyomchomoza. Na dimbwini, yule wa masizi, waliyempa jina Asiyechorwa, alinenepa.

Siku ya tano, saa nane mchana, jua kali, majirani wanagonga misumari ukutani, Dada alisikia kutafuna. Aliangalia spika: zilikuwa zimezimwa. Akachomoa waya wake, na kutafuna kukaendelea, kwa utulivu, kama kwa mtu asiye na haraka kwa kuwa anajua sahani haitaondolewa, kukitoka si kwenye spika wala kwenye kioo ambacho Asiyechorwa alikuwa amekijaza chote sasa, masizi tupu kutoka ukingo hadi ukingo, bali nyuma ya kiti chake, karibu kiasi kwamba alihisi uvuguvugu kisogoni, na harufu ile ya sufuria inayoungua ikampanda puani hadi machozi yakamtoka, akageuka kidogokidogo akiomba asione kitu, akamwona Nukta amekaa sakafuni, macho yamefumbwa, daftari magotini, anachana kurasa na kuzila, moja baada ya nyingine, na kope tatu za penseli zikimning'inia mdomoni.

"Nukta. Nukta, mdogo wangu, tema."

"Sijashiba," alijibu Nukta bila kufumbua macho. Sauti haikuwa yake.

Dada alimpigia simu Shangazi Chaki. Huyu alikuwa amefundisha hesabu shuleni kwa miaka thelathini, na kwa muda uleule, kimyakimya, alikuwa akitoa majini kwenye nyumba za watu, bila kuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili. Alifika na mkoba wake, akavua viatu, akamtazama Nukta aliyedhoofu, kisha akaitazama kompyuta.

"Huyu ana siku mbili, tatu akibahatika," alisema. "Sichomi kitu wala sipigi kelele. Nataka kuona kazi ilivyofanywa, hatua kwa hatua." Akainama usawa wa Nukta. "Wewe uliyemo humo. Nani kakuita?"

"Niliandikiwa," ilisema sauti.

"Na nani?"

Kidole chembamba cha Nukta kilipanda polepole kikaelekea kwa Dada.

Shangazi alisoma mstari, akasoma na maelezo yake, kwa sauti ya kusahihisha mtihani. "Kwa nini?"

"Shangazi, nilikuwa nasawazisha..."

"Nimekuuliza kwa nini."

Misumari ya majirani ilikuwa imenyamaza. "Kijicho," Dada alinong'ona. "Wanampenda yeye. Mimi hata hawajui kama nipo."

"Futa."

Alifuta herufi moja moja, na kwa kila herufi harufu ilipungua. Ilipotoka ya mwisho, Nukta alitapika karatasi, akaomba maji, akalala. Dimbwini palibaki maji tu.

"Sikilizeni wote wawili," Shangazi alisema akivaa viatu. "Lile halina umbo lake wala kwake. Linatafuta wa kulimiliki. Likionekana tena, na watu wakauliza ni la nani, nyamazeni. Atakayesema 'langu' amelifungulia mlango, na safari hiyo mimi siliwezi."

Nukta alipona. Alichora upya daftari zima bila kulalamika, na siku moja akasema, "Ungeniambia tu, Dada. Ningeliweka jina lako juu ya langu." Dada alitabasamu. Huruma ya mdogo wake ilimchoma kuliko sifa zote za Bibi Kope.

Mchezo ulitoka rasmi baada ya mwezi. Siku ya tatu zikaanza barua za aina mpya. "Kuna kiumbe mweusi, hana macho, hutokea mara moja tu, kwenye kona. Nani kamuunda?" Zikawa kumi. Zikawa mia.

"Dada," Nukta alisema, uso umempauka, "hatujibu."

"Hatujibu," Dada alikubali.

Nukta akaenda jikoni kutengeneza chai. Dada alibaki na kioo. Barua nyingine iliingia: "Michoro mingine ni ya kawaida tu. Lakini huyu mmoja ni kazi ya akili kubwa. Tafadhali, ni wa nani?"

*Michoro mingine ni ya kawaida tu.* Aliisoma mara mbili. Mara ya tatu aliisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja kitu. Miaka minne. Neno moja lingemdhuru nani?

Aliandika: "Ni wangu." Akabonyeza tuma.

"Dada!" Nukta aliita kutoka jikoni. "Umeacha sufuria motoni? Mbona pananuka?"

Alikuja na trei, vikombe viwili, mkate bado umefungwa kwenye mfuko wake, akasimama mlangoni.

Dada alikuwa amempa mgongo, ametulia, paji la uso limegusa kioo. Mezani hapakuwa na chakula, na alikuwa anatafuna.