Kangaga Nyuma ya Meza ya Pasi

Mama yangu alikuwa dobi. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza ndefu, pasi moja nzito, na nyuma ya meza kangaga kubwa, mmea wa majani matupu, kwenye chungu. Mama aliliita Bibi. Nikitoka shule nilimkuta akinyunyizia mashuka maji na kupiga pasi, mvuke umejaa chumba kizima.

"Msalimie Bibi kwanza," aliniambia.

"Shikamoo, Bibi," niliyaambia majani. Mama aliitikia marahaba kwa niaba yake.

Mama alipofariki, mdogo wangu alichukua pasi. Mimi nilichukua kangaga, nikamwahidi kumgawia mche likistawi. Nikaliweka dirishani sebuleni, penye jua kali. Niliona nimelipa heshima.

Wiki tatu baadaye ncha za majani zilikauka. Nikageuza jani. Chini yake kulikuwa na vidoa vingi vya kahawia. Wadudu! Nikachukua mkasi wangu wa kushonea.

"Taratibu, mke wangu," alisema mume wangu. "Hilo si gauni."

Mimi nikishashika mkasi sisikii la mtu. Nilikuwa nimekata majani manne jirani yetu alipopiga hodi, amefuata sketi yake. Anafanya kazi kwenye bustani ya miche.

"Shoga, limekukosea nini?"

"Lina wadudu. Tazama."

Alikwaruza kidoa kwa ukucha. Vumbi laini likabaki kidoleni.

"Ona vilivyojipanga mistari miwili. Wadudu hawapangi foleni. Wangetapakaa ovyo, na jani lingenata. Kangaga halina maua wala mbegu. Linazaliana kwa vumbi hili." Akanionyesha jani changa. "Na hili limejikunja kama utepe wako wa kupimia. Ukiona hivyo, ujue ni kangaga."

"Mbona linakauka, basi?"

"Jua linaliunguza. Linataka mwanga, si jua lenyewe. Gusa udongo kila siku. Juu kukianza kukauka, mwagilia, ila lisikae kwenye tope. Na linapenda hewa yenye unyevu. Mama yako aliliweka wapi?"

"Nyuma ya meza ya pasi," nilisema.

Kumbe ni ule mvuke. Miaka yote ile Bibi alikuwa akiishi kwa kazi ya mama. Nililia palepale, mkasi mkononi. Nilimkumbuka mama kuliko siku ya mazishi.

"Nimeliua," nikasema. "Nitampa nini mdogo wangu?"

"Mizizi bado mizima. Usikate tena jani bichi."

Nikalihamishia kwenye chumba changu cha kushonea, nyuma ya meza ya pasi, mbali na jua la dirishani. Chini ya chungu nikaweka sinia la kokoto na maji kidogo, chungu kikae juu ya kokoto, kisizame. Kila asubuhi niligusa udongo.

Mwezi wa pili tangu nilipolihamisha, vilichomoza vikunjo saba vya majani machanga. Kufikia mwezi wa sita chungu kilikuwa kimejaa, nikamwita mdogo wangu aje na chungu chake.

Alinikuta napiga pasi. Alisimama mlangoni, akavuta harufu ya nguo mbichi na pasi ya moto. Hakunisalimia mimi. Alipita hadi nyuma ya meza, akainama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," niliitikia.